Gesi Itokayo Ardhini na Dirisha la Nyumba Yako

Leo nitakusimulia historia iliyoanzia mbali, lakini inaishia katika dirisha la chumba anacholala mtoto wako.

Mwaka wa 1556 kilichapishwa kitabu cha Mjerumani aitwaye Georgius Agricola kuhusu kazi ya migodi. Aliandika kwamba katika milima ya Karpati, huko Ulaya, kulikuwa na wanawake walioolewa mara saba. Waume wao walikuwa wachimba migodi, na wote waliugua kifua wakafa, mmoja baada ya mwingine. Agricola alilaumu vumbi, na akahimiza hewa safi ipitishwe mgodini. Hakujua chanzo chote cha ugonjwa, lakini dawa aliyotaja ilikuwa ya maana.

Miaka zaidi ya 300 ikapita. Mwaka wa 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, waliwachunguza wachimba migodi wa mji wa Schneeberg, Ujerumani, wakaona kwamba uvimbe wa mapafu ndio uliokuwa ukiwaua wengi. Leo tunauita saratani ya mapafu. Mwaka wa 1900 mwanasayansi Friedrich Ernst Dorn alionyesha kwamba madini ya radiamu hutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa radoni.

Radoni ni nini, mama? Ndani ya mawe na udongo mna chembechembe za madini ya uraniamu. Madini hayo hubadilika polepole sana, na katika kubadilika huko huzaa radoni. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Hupanda kupitia nyufa za ardhi. Ikitokea nje, upepo huisambaza na haina neno. Ikiingia ndani ya nyumba iliyofungwa, hujikusanya. Ukiivuta, chembe zake ndogo hunata kwenye mapafu na kuyachoma kwa mionzi kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Kwa muda mrefu watu walidhani hiyo ni shida ya wachimba migodi tu. Kisha, Desemba 1984, jambo la ajabu likatokea jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mhandisi Stanley Watras alikuwa akifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia kilichokuwa kikijengwa. Kila alipopita kwenye mashine ya kupima mionzi, kengele ililia. Lakini kituo kilikuwa bado hakijaanza kazi! Ikagunduliwa kwamba alikuwa akiibeba mionzi hiyo kutoka nyumbani kwake. Radoni iliyokuwa ndani ya nyumba ile ilizidi kwa mamia ya mara kiwango ambacho Marekani ilikuja kuweka. Yeye, mke wake na watoto wao walilazimika kuhama. Nyumba ilirekebishwa, gesi ikatolewa nje, nao wakarudi.

Mwaka wa 1988 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba radoni husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri radoni nyumbani isizidi bekereli 100 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Anayevuta sigara yumo hatarini zaidi: kwake hatari ya radoni ni kama mara 25 ya ile ya asiyevuta.

Sasa turudi kwetu. Sisi tunaishi juu ya miamba ya kale sana. Anayelijua jiwe la Nzambani kule Kitui anajua ninachosema. Hatuwezi kuihamisha ardhi, na hakuna haja ya kuiogopa. Tunachoweza kubadilisha ni nyumba. Katika nyumba ya msonge ya wazee wetu, hewa ilipenya kwenye nyasi za paa. Leo tunajenga kwa matofali, mabati, simiti na madirisha ya vioo. Ni maendeleo mazuri. Lakini je, madirisha hayo hufunguliwa? Wengi wetu huyafunga kwa kuogopa vumbi, mbu na wezi. Na mwezi wa Julai, baridi ya Mbooni na Kilungu ikibana, hata vitundu vya hewa juu ya dirisha huzibwa kwa matambara.

Hapo ndipo hatari nyingine huingia, iliyo ya haraka zaidi. Mama huingiza jiko la makaa chumbani ili watoto wapate joto, kisha hufunga mlango. Makaa nayo hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Radoni huchukua miaka mingi kudhuru. Gesi ya makaa inaweza kuwaua watu wa nyumba nzima kwa usiku mmoja. Kinga ya kwanza dhidi ya zote mbili inafanana: hewa ipite, na jiko libaki nje ya chumba cha kulala.

Mama, fanya haya:

1. Fungua madirisha kila siku, hasa asubuhi. Ukiogopa mbu, weka wavu dirishani.
2. Usizibe vitundu vya hewa, hata wakati wa baridi. Waongeze watoto blanketi.
3. Usilale na jiko la makaa ndani, hata kama makaa yanaonekana kufifia.
4. Ziba nyufa za sakafu kwa simiti. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.
5. Ukijenga, mwambie fundi atandike karatasi ngumu ya nailoni chini ya sakafu, na aache vitundu vya hewa katika kila chumba.
6. Usikubali sigara ivutwe ndani ya nyumba.

Wale wanawake wa Karpati walizika waume saba bila kujua kilichowaua. Wewe umejua. Jioni ya leo, kabla hujawalaza watoto, tazama juu ya dirisha lao. Kama kuna tambara, litoe.