Turbo mitaani Eastlands: Nguvu zaidi au injini idumu?

WAPENZI wa magari katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Donholm na Komarock, wanaufahamu vyema mngurumo wa Subaru yenye turbo. Mapenzi hayo yalikolezwa na mbio za Safari Rally, ambazo Colin McRae alizishinda mwaka wa 1997 naye Richard Burns mwaka wa 2000, wote wawili wakiendesha Subaru Impreza.

Hata hivyo, gari la mashindano huandamana na kikosi cha mafundi wanaolikagua kila hatua. Gari la mtaani, ambalo huenda lilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, hutarajiwa kumfikisha mwenyewe kazini kila asubuhi kupitia Barabara ya Jogoo na kumrejesha jioni. Ndiposa anayetaka kuiongezea injini nguvu anapaswa kwanza kuelewa nguvu hiyo hutoka wapi.

Jinsi turbo inavyofanya kazi

Mbinu hii si ngeni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliipatia hataza mwaka wa 1905. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo huzungusha jingine linalovuta hewa, kuikandamiza na kuisukuma ndani ya injini. Hewa inapozidi, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa na nguvu huongezeka.

Magurudumu hayo yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na yote hutegemea utando mwembamba wa oili ili yasiungue. Kwa vile hewa iliyokandamizwa hupata joto, hupozwa na kifaa ambacho mafundi hukiita intakula kabla ya kuingia kwenye silinda.

Akiba ya mtengenezaji

Kiwanda hakiitumii injini hadi ukomo wa uwezo wake. Huacha akiba kwa ajili ya siku za joto kali, petroli duni na dereva asiyejali. Fundi anayeongeza shinikizo la turbo haumbi nguvu kutoka hewani. Anaitumia akiba hiyo.

Tatizo ni kwamba katika magari mengi ya Eastlands akiba yenyewe imekwisha kupungua. Mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani kwa miaka kadhaa, na sheria ya Kenya huruhusu gari la hadi miaka minane kuingizwa. Baada ya hapo hupita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na haijulikani kama oili ilibadilishwa kwa wakati.

Petroli nayo ni suala zito. Injini ya EJ20 ya lita mbili, iliyoanza kutumika katika Subaru Legacy mwaka wa 1989 na baadaye katika Impreza WRX, ilipangiwa petroli ya Japani yenye oktani ya karibu 100 pale ilipofungwa turbo. Petroli ya kawaida ya super nchini Kenya iko chini ya kiwango hicho. Oktani ikiwa ndogo na shinikizo likiwa kubwa, petroli hulipuka ovyo ndani ya silinda na injini hugonga. Kugonga huko huweza kuvunja sehemu ya pistoni inayoshikilia ringi.

Nairobi si Mombasa

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 18 likilinganishwa na la pwani. Injini isiyo na turbo huhisi upungufu huo mara moja. Yenye turbo huufidia, lakini turbo yenyewe hulazimika kufanya kazi zaidi.

Hapo ndipo penye mtego. Vali rahisi ya kuongeza shinikizo hupima tofauti tu kati ya hewa ya ndani na ya nje. Ikirekebishwa Kariobangi ili iongeze baa 1, injini hupata jumla ya baa 1.8 hivi. Gari hilo likiteremka hadi Mombasa, vali ile ile huipa injini baa 2, katika joto la pwani. Injini iliyovumilia safari za mtaani inaweza kuharibika katika safari ya likizo.

Mpangilio wa kazi

Kazi salama huanza kwa uchunguzi. Mgandamizo wa silinda zote nne hupimwa, kisha hukaguliwa oili, mfumo wa maji, plagi na mkanda wa taimingi. Injini iliyochoka haistahili kuongezewa mzigo, inahitaji kukarabatiwa.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba pampu ya petroli na injekta zinatosha. Injini ikipewa hewa zaidi bila petroli ya kutosha, joto hupanda kupita kiasi. Bomba kubwa la moshi pekee linaweza kupandisha shinikizo bila mwenye gari kujua.

Mwisho ni kupanga upya kompyuta ya injini huku mchanganyiko ukipimwa kwa kifaa. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa hewa wa 14.7 kwa 1, lakini injini ya turbo iliyo chini ya mzigo mkubwa huhitaji petroli zaidi, karibu 11 au 12 kwa 1, ili ipoe. Kipimo hiki hakikisiwi kwa sikio.

Mwenye gari pia anafaa kuifahamisha kampuni ya bima, kwani mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kuzua mgogoro ajali ikitokea.

Kwa anayelitegemea gari lake kila siku, ongezeko dogo lililopimwa, oili inayobadilishwa mapema na kipimo cha joto kinachoangaliwa vina faida kuliko nguvu ya kujivunia wikendi moja. Mtaka yote hukosa yote, na injini ikivunjika, mkopo wa gari huendelea kulipwa.