Kwa nini kipakatalishi hakiioni bodi: kisa kirefu cha waya mfupi

Nimekuwa kimya kitambo, kazi zimenielemea. Leo nimerudi na hadithi iliyoanza kwa simu ya mpwa wangu, Jumamosi jioni: "Mjomba, nimechomeka bodi, taa imewaka, lakini mashine inasema haina kitu." Yuko chuo cha ufundi. Mradi wake wa kupima maji kwenye tangi ulitakiwa Jumatano, na pesa za ile bodi alizichanga mama yake. Nilimwambia aje nayo.

Wakati namsubiri nikawaza jambo ambalo wengi wetu hatujiulizi. Bodi ndogo kama ile haikuzaliwa na lugha ya USB. Chipu iliyo katikati yake, ATmega328P, haijui USB hata chembe. Inachojua ni kutuma na kupokea biti moja baada ya nyingine kupitia waya mbili, mtindo wa siriali. Kiwango cha RS-232 kilichoeneza mtindo huo kilitoka Marekani mwaka 1960, kikikusudiwa modemu na mashine za kuchapa za mbali. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 poti ya siriali ilikuwa ya pini 25, na modeli ya AT ya mwaka 1984 ikaleta ile ya pini 9 ambayo wakongwe wenzangu wataikumbuka nyuma ya tarakilishi, na zile skrubu mbili za kukaza kwa vidole. Uzuri wake ni kwamba haikuuliza maswali. Ukichomeka, poti ipo, iwe kuna kifaa upande wa pili au hakuna.

USB, iliyotoka Januari 1996, ni mnyama mwingine kabisa. Kifaa kikichomekwa lazima kijitambulishe kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya bidhaa, kisha tarakilishi itafute kiendeshi kinachozijua namba hizo. Apple walitoa iMac mwaka 1998 bila poti ya zamani ya siriali, na vipakatalishi vikafuata taratibu mpaka ile ya pini 9 ikatoweka.

Sasa njoo Ivrea, mji wa kaskazini mwa Italia, nyumbani kwa kampuni ya Olivetti. Mwaka 2005 walimu na wanafunzi wa taasisi ya usanifu iliyokuwa hapo, wakiwemo Massimo Banzi, David Cuartielles na David Mellis, walitaka bodi rahisi ambayo mwanafunzi asiye mhandisi angeweza kuimudu. Hawakuanza kutoka sufuri. Mwanafunzi wa hapo hapo, Hernando Barragán wa Colombia, alikuwa ameanzisha Wiring mwaka 2003, na kwa maoni yangu jina lake hutajwa mara chache mno kuliko anavyostahili. Bodi mpya wakaiita Arduino, jina la baa waliyokuwa wakikutana, nayo baa imepewa jina la mfalme wa karne ya 11.

Bodi za mwanzo zilikuwa na tundu la siriali. Lakini wanafunzi walikuja na vipakatalishi visivyo na poti hiyo, basi ikabidi atafutwe mkalimani: chipu ya pili, upande mmoja inaongea USB, upande wa pili siriali. Walichagua chipu ya FTDI, kampuni ya Glasgow, Scotland. Bodi ya mwaka 2007 iliyoitwa Diecimila, yaani elfu kumi kwa Kiitaliano, iliongeza ujanja mwingine. Ule mstari wa zamani wa RS-232 unaoitwa DTR, ambao kazi yake ilikuwa kuijulisha modemu kwamba mashine iko tayari, ukatumika kuianzisha bodi upya kila programu mpya inapopakiwa. Kabla ya hapo ulilazimika kubonyeza kitufe mwenyewe, kwa wakati barabara. Ndiyo maana hata leo mstari huo ukikatika, kiendeshi kipo, poti inaonekana, lakini avrdude inajaribu mara 10 na kukata tamaa.

Naam, hapo kwa mkalimani ndipo penye vita.

Chipu ya FTDI ilipendwa ikaigwa. Mwaka 2014 watafiti walipasua moja bandia wakaipiga picha kwa darubini, wakakuta ndani yake si nakala ya ile halisi, bali ni mikrokontrola nyingine iliyofundishwa kuigiza, na kwa nje imeandikwa jina lilelile. Mnunuzi angejuaje? Oktoba mwaka huo kiendeshi kipya cha FTDI kikawafikia watu kupitia Windows Update. Kikikutana na chipu bandia kiliiandikia namba ya bidhaa 0000, na amri ileile kwenye chipu halisi haikufanya kitu. Kuanzia hapo bodi haikutambulika na Windows tena, hata ukiipeleka kwenye tarakilishi nyingine, kwa sababu jeraha lilikuwa ndani ya chipu yenyewe. Makelele yalikuwa makubwa, kiendeshi kikaondolewa baada ya siku chache, na upande wa Linux wakaiongeza namba 0000 kwenye orodha ili bodi zile zifanye kazi tena.

Mimi siwatetei wanaoghushi. Lakini aliyeadhibiwa hakuwa aliyeghushi. Aliyeadhibiwa ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo, kama huyu mpwa wangu, ambaye hana darubini.

Arduino wenyewe walikuwa wameshaondoka huko. Uno, iliyotoka mwaka 2010, ilitumia ATmega8U2 kama mkalimani. Na watengenezaji wa bodi za bei nafuu wakahamia CH340 ya China, ambayo ni halali, ina jina lake, haijifanyi nyingine. Tatizo lake ni kwamba bodi nyingi hutumia namba ileile, 1a86:7523. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022, watu waliona poti inajitokeza na kutoweka hapo hapo. Mwizi alikuwa brltty, programu inayowasaidia wasioona kusoma skrini kwa breli, kwa kuwa kuna kifaa cha breli chenye namba hiyohiyo. Ushauri uliosambaa ni kuifuta programu hiyo. Mashine ikiwa yako peke yako na huihitaji, sawa. Ikiwa ni ya maabara ya chuo, tafadhali zima ule mstari mmoja wa sheria ya udev tu, usimnyang'anye mwenzako macho kwa ajili ya taa ya LED.

Basi mpwa wangu alifika. Nikaangalia waya kwanza, kabla ya kiendeshi, kabla ya kitu chochote, nanyi fanyeni hivyo. Ulikuwa wa chaja tu: una waya mbili za umeme, zile mbili za data hazimo. Taa itawaka mpaka kesho na mashine haitaona kitu. Dukani hakuna aliyemwambia. Nikampa wangu, na dmesg ikaonyesha CH340 na /dev/ttyUSB0. Tukapakia programu, ikakataa: hana ruhusa.

Hapa nilicheka. Kwenye Linux yake ruhusa ya poti hizo hupewa kundi linaloitwa dialout, jina la enzi za kupiga modemu, wale wenye haki ya kutumia laini ya simu. Nikamweleza jinsi modemu zilivyokuwa zikilia, akaniangalia kama ninayemsimulia habari za Abunuwasi.

sudo usermod -a -G dialout, ikifuatiwa na jina lake la mtumiaji. Akatoka kwenye akaunti, akaingia tena, akapakia. Saa nne usiku tulikuwa jikoni tunapima maji kwenye ndoo.