Pipeline: Mtaa wa Bomba

Bomba lilitangulia, nyumba zikafuata. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yakaanza kusukumwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450 chini ya ardhi, mpaka kwenye matangi ya Embakasi na Eneo la Viwanda. Mwaka 1994 bomba likaendelezwa hadi Eldoret na Kisumu. Mtaa uliochipuka kando ya Barabara ya Outering jijini Nairobi ukachukua jina hilo hilo, na tangu uchaguzi wa 2013 Pipeline ni wadi ya eneo bunge la Embakasi Kusini.

Mafuta yalikwenda ziwani, vijana wa ziwani wakaja huku. Walitoka Siaya, Homa Bay na Kisumu, wakakutana na wenzao wa Kisii, Kakamega, Machakos na Kitui, wote wakitafuta vibarua viwandani, uwanja wa ndege na kwenye mijengo. Ndiyo maana omena na githeri huuzwa hatua chache kutoka kwa mutura. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt aliishi na wanaume hawa, na mwaka 2024 akachapisha kitabu kuhusu neno wanalolitaja kila siku: presha. Presha ya kodi, presha ya karo, presha ya simu kutoka nyumbani.

Mtaa wenyewe ulipanda juu kwa sababu ardhi ilikuwa ndogo na wapangaji wengi. Ploti moja ina ghorofa saba au nane, haina lifti, na imejengwa hadi ukingo wa kiwanja, hivi kwamba jirani wa ng'ambo ukimwona dirishani unaweza kumsalimia bila kupaza sauti. Vyumba ni vya futi kumi kwa kumi hivi, mlango kwa mlango kwenye korido moja, choo na bafu ni vya wote. Ndani ya vyumba vya chini jua haliingii. Saa sita mchana mama anawasha taa ili achague mchele, na tokeni ya stima ikiisha, giza ni la usiku. Nguo huanikwa juu ya paa, na mwenye kuanika hukaa hapo azilinde. Keretaka, msimamizi wa ploti, ndiye serikali ya karibu: hufungua geti, hukumbusha kodi, na hufunga kwa kufuli mlango wa aliyechelewa kulipa. Sijaona sababu ya kulizoea jambo hilo. Mtu aliyelipa miaka minne mfululizo hustahili kusikizwa anapokwama mwezi mmoja.

Hatari ya kuishi jirani na bomba tuliijua Septemba 12, 2011, pale Sinai, mtaa wa mabanda upande wa Lunga Lunga, mafuta yalipovuja hadi mtaroni, watu wakayakimbilia na makopo, moto ukawaka. Zaidi ya mia moja walifariki. Wengi walikuwa maskini waliotaka lita chache tu.

Huku Pipeline, mfereji wa maji ukikauka, na hukauka mara kwa mara, wauzaji hufika na mikokoteni ya mitungi ya lita 20. Wasichana na vijana huipandisha ngazi mabegani hadi ghorofa ya nane. Mafuta husukumwa kwa mashine kutoka bahari hadi ziwa, na maji ya Pipeline hubebwa na watu. Kaunti ina deni la kuyafikisha maji hayo juu.