Redio ya Gari Mpakani

Wazee wetu walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Usia huo ulinenwa juu ya mikeka, lakini hekima yake ni pana kuliko mkeka. Kila kizazi huletewa vitu vipya, na kila kizazi hulazimika kuamua ni kipi cha zamani kitakachobaki na kipi kitakachotupwa. Msomaji, katika insha hii nataka tuifuate hekima hiyo mahali ambapo wengi hawangefikiri kuitafuta: ndani ya gari, katika redio iliyotiwa na kiwanda, huko Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Pengine utauliza redio ya gari ina historia gani hata iandikiwe insha. Subiri kidogo, utaona kuwa ndani ya chombo hicho kidogo mna habari za reli, za vita, za biashara na za masikio ya watu.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki katika Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa amri hiyo mpaka ulisogezwa kuelekea magharibi, hata ukafika penye mito Malaba na Sio. Wateso wakajikuta baadhi yao huku na baadhi yao kule. Wasamia nao vivyo hivyo. Reli iliyotoka Nakuru kwa njia ya Eldoret ilivuka mpaka hapo Malaba, ikaingia Kampala mwaka 1931. Barabara nayo ilifika kwa mikono miwili: mmoja unapita Eldoret, Webuye na Bungoma mpaka Malaba, na wa pili unatoka Kisumu mpaka Busia. Hivyo miji hii miwili imekuwa milango ya nchi, na mtu akaaye mlangoni hupatwa kwanza na upepo, uwe wa heri au wa shari.

Kwa sababu hiyo redio ilikuwa na thamani ya pekee kwa watu wa mpakani. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, na Uganda mwaka 1954. Mawimbi ya kati, yaliyotumiwa sana zamani, husafiri mbali, hasa usiku, wala hayasimami mpakani kuonyesha pasi. Mtu wa Busia aliweza kuzisikiliza serikali mbili kwa sikio moja. Tarehe 25 Januari 1971 askari walitangaza katika Redio Uganda kwamba serikali ya Milton Obote imepinduliwa na Idi Amin. Agosti 1972 Amin akatangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90, na baadhi yao walipita Malaba kwa garimoshi wakielekea Mombasa. Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa haki ya Uganda. Fikiri, msomaji, jinsi neno hilo lilivyoanguka katika masikio ya mkulima wa Malaba, ambaye shamba lake lilikuwa ndani ya nchi iliyodaiwa! Na Desemba 1987, baada ya Amin kuondoka zamani, askari wa Kenya na wa Uganda walipigana risasi hapo Busia. Watu wakafa na mpaka ukafungwa. Kwa msafiri na dereva, kusikia habari mapema kulikuwa tofauti kati ya kufika salama na kuingia katika balaa.

Sasa tuje kwenye redio yenyewe na safari yake ya kuingia garini. Mwaka 1930, katika mji wa Chicago huko Marekani, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walianza kuuza redio ya kutiwa ndani ya motakaa, wakaiita Motorola. Redio za siku hizo zilikuwa na valvu za kioo. Zilikuwa nzito, zilikula umeme mwingi, na bei yake haikuwa ya maskini. Desemba 1947 wataalamu wa maabara ya Bell walivumbua transista, kitu kidogo kilichochukua kazi ya valvu kwa umeme kidogo. Mwaka 1955 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza magari yenye redio isiyo na valvu hata moja. Tangu hapo redio ikazidi kuwa ndogo na rahisi, hata ikahesabiwa kuwa kiungo cha gari kama taa na honi.

Badiliko la pili lilikuwa la mawimbi. Edwin Armstrong, Mmarekani, alipata hati za uvumbuzi wa mtindo wa FM mwaka 1933. Sauti ya FM ni safi, lakini mawimbi yake hayaendi mbali kama yale ya kati. Milima na umbali huyakatiza. Kampala ilipata stesheni za FM za watu binafsi kuanzia mwaka 1993, na Nairobi mwaka 1996. Baada ya hapo stesheni ziliongezeka upesi, nyingine zikitangaza kwa lugha za mahali. Mpakani hewa ikajaa sauti za nchi mbili.

Katika miaka hiyohiyo, biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika bandarini Mombasa. Japani, Kenya na Uganda zote huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani wa gari la Kijapani hukaa mahali panapotufaa. Mengi ya magari hayo hayabaki Kenya. Husafiri zaidi ya kilometa 900 mpaka Malaba au Busia, yakiwa yanakwenda Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Lakini gari lililotufaa kwa usukani halikutufaa kwa redio. Huko Japani mawimbi ya FM yalipangwa kati ya megahezi 76 na 90, kwa kuwa nafasi ya juu yake ilitumiwa na televisheni. Kwetu mpango ni megahezi 87.5 mpaka 108. Redio nzuri, yenye sauti tamu, ikafika Afrika ya Mashariki ikiwa karibu kiziwi! Iliweza kusikia stesheni chache za chini tu. Zilizobaki zilipita juu yake kama ndege wapitao juu ya kisima.

Mwenye gari alikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuing'oa redio ya kiwanda na kutia nyingine. Wengi walifanya hivyo, na kwa magari ya zamani haikuwa hasara kubwa. Lakini katika magari ya miaka ya karibu redio si chombo cha peke yake. Imefungamanishwa na vitufe vya usukani, na kamera ya kurudia nyuma, na kioo cha maelezo. Anayeing'oa kwa pupa huweza kupoteza vyote hivyo. Hata kufungua betri tu kuna mtego, kwani baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani hujifunga zinapokosa umeme, na haziamki mpaka zipewe namba ya siri au kadi yake.

Njia ya pili ni kuiacha redio mahali pake na kuiongezea uwezo. Hapo hutumika kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya waya wa erieli na redio. Kazi yake ni kuyapokea mawimbi na kuyashusha kwa kiasi maalumu. Chukua kalamu, msomaji, tupige hesabu. Ikiwa kisanduku kinashusha megahezi 20, stesheni ya 98.4 itasikika penye 78.4. Stesheni zote toka 96 mpaka 108 zitaingia katika nafasi ya 76 mpaka 88. Lakini je, zile zilizo kati ya 90 na 96? Hizo zitabaki nje. Ukichagua kisanduku cha kushusha 14, utapata toka 90 mpaka 104, na zilizo juu ya 104 zitakupotea. Sababu ni wazi: redio ina nafasi ya megahezi 14, na stesheni zetu zimeenea katika nafasi ya 20 na zaidi. Huwezi kuyatia maji ya mtungi katika kata moja. Basi fundi mwenye busara huuliza kwanza mwenye gari husikiliza stesheni gani na husafiri wapi, kisha huchagua kisanduku kimfaacho.

Anayetaka sauti kubwa zaidi naye haimlazimu kuitupa redio ya kiwanda. Kipo kifaa cha kupokea sauti katika nyaya za spika, kikaipunguza nguvu, kikaipeleka katika kikuza sauti kilichofichwa chini ya kiti. Hapa tena hesabu ni mlinzi. Kikuza sauti kinachokula wati 240 katika umeme wa volti 12 huvuta ampea 20. Waya mwembamba wa redio haukufanywa kwa mzigo huo. Utapata moto na kuweza kuliunguza gari. Kwa hiyo hutolewa waya mnene moja kwa moja toka kwenye betri, na fyuzi ikawekwa karibu na betri hiyo. Malori makubwa yapangayo foleni Malaba yana jambo jingine: umeme wake kwa kawaida ni wa volti 24, na anayetaka kutia redio ya volti 12 sharti atie kwanza kifaa cha kuupunguza.

Foleni hiyo ni sehemu ya historia yetu. Mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa ugonjwa wa Korona, malori yalijipanga Malaba kwa kilometa nyingi, na watu wakalala barabarani kwa siku. Katika kungoja kwa namna hiyo redio si anasa. Ndiyo inayomwambia dereva kama mpaka umefunguliwa, na ndiyo inayompa sauti ya watu wa kwao. Lakini akiisikiliza mchana na usiku pasipo kuwasha mashine ya lori, betri humwishia siku foleni inaposogea.

Pana ubaya mwingine, msomaji, nao hutokea pale nguvu ya sauti inapofanywa fahari. Wataalamu wa afya ya kazi huko Marekani hushauri mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Sikio lililoharibika kwa kelele halina fundi wa kulifunga upya. Tena dereva aliyezibwa na muziki wake hasikii honi ya mwenzake wala kilio cha mtoto barabarani. Kenya ilitunga kanuni za kuzuia kelele mwaka 2009, na sauti za magari zimo ndani yake.

Tazama basi jinsi jambo lilivyogeuka. Kisanduku kimoja humsaidia mtu asikie yaliyo mbali. Kikuza sauti, kikitumiwa vibaya, humzuia asisikie yaliyo karibu. Vyote viwili ni nyongeza, na vyote huuzwa na kufungwa na mafundi walewale. Tofauti imo katika shabaha ya mwenye gari. Ukijaliwa siku moja kuwa na gari, au kuwa fundi wa magari ya wengine, uliza kwanza kile kilichopo kinaweza nini na kimepungukiwa na nini, kisha ongeza upungufu huo tu. Mbachao una faida yake kwa anayejua kuutengeneza, na watu waishio mlangoni mwa nchi wana haja kubwa ya kusikia vizuri.