Programu za kuandika noti kwenye kompyuta: watumiaji wanasifu nini, wanalalamikia nini?

Ripoti za mikutano, majina ya wanamemba, hesabu za mradi: katika mashirika na vikundi vingi, vitu hivi vinatoka kwenye kaye na kuingia kwenye kompyuta. Programu za kazi hiyo ni nyingi, na maoni ya watumiaji hayafanane. Lakini ulizo moja linarudi kila mara: noti zinalala wapi, ndani ya kompyuta ya mwenyewe ao kwa kampuni, kwenye intaneti?

Evernote inajulikana tangu 2008. Wengi waliipenda juu inaweza kutafuta neno hata ndani ya picha. Kisha kampuni ya Italia, Bending Spoons, iliinunua, na mwisho wa 2023 wenye hawalipe waliwekewa mupaka: noti 50 na kaye moja tu. Noti za zamani hazikufutwa, lakini kuzidisha hesabu hiyo kunaomba kulipa. Watumiaji wengi walikasirika, wakahama.

Notion inasifiwa juu inaweka noti, jedwali na kalenda pamoja, na kikundi kinaweza kugawanya kazi humo. Lalamiko kubwa lilikuwa intaneti: bila mtandao, kazi inasimama. Katika 2025 iliongeza njia ya kufanya kazi bila mtandao, lakini kurasa zinapashwa kuwa zimeshushwa mbele.

Trello ni ya kupanga kazi kwa kadi: ya kufanya, inayofanywa, iliyokwisha. Watu wanasema ni rahisi, hata kwa mutu anayeanza. Kwa mradi mukubwa, kadi zinajaa na mutu anapotea.

Obsidian, iliyotoka 2020, na Joplin, ambayo ni ya bure, zinaweka noti ndani ya kompyuta. Noti za Obsidian ni faili za maandishi ya kawaida. Hata programu ikikufa kesho, zinafunguka kwa programu ingine. Lalamiko: kuizoea kunaomba wakati, na kuunganisha kompyuta na telefone kwa huduma yake yenyewe ni kwa kulipa. Joplin inasifiwa juu inaweza kufunga noti kwa siri mbele ya kuzituma. Wengine wanaona sura yake haipendeze.

Mahali umeme unakatika na mega ni bei, noti zenye kulala ndani ya kompyuta zinasaidia zaidi. Lakini kompyuta ikiibiwa, ao mutu akikimbia bila kuibeba, noti zinakwenda nayo. Na kama ndani kuna majina ya watu wanaosaidiwa, hasara si ya kikundi peke yake: watu hao wanaweza kuingia hatarini.

Kwa hiyo, mbele ya kuchagua, kikundi kiangalie mambo matatu: programu inafanya kazi bila mtandao? Noti zinaweza kutolewa zote siku ya kuhama? Na je, kuna kopi ingine, kwenye flashi yenye neno la siri, inayochungwa nyumba ingine?