Jazi Iliyochelewa Kufika Garsen

Kwa sisi tuliokulia kando ya Mto Tana na redio za mawe, neno "jazi" halikuhitaji maelezo. Jazi ilikuwa bendi: magita, tarumbeta, na waimbaji wawili wakigawana maikrofoni moja. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz ya Dar es Salaam. Na ng'ambo ya maziwa, kule Kongo, OK Jazz ya Franco. Nilipitisha miaka sitini bila kulitilia shaka neno hilo.

Siku moja pale Garsen nilimpa kijana wa kibanda cha nyimbo kadi yangu ya simu, nikamwambia anitilie "jazi za zamani". Nyumbani, mahali pa Franco, akatoka mwanamke mwenye sauti safi kama maji ya mtungi. Akapokewa na mwanamume anayekwaruza kama mtumbwi unaoburutwa mchangani. Mzee mwenzangu akatega sikio, akatoa hukumu: "Huyu bwana kalala umandeni."

Walikuwa Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, waimbaji wa jazi ya Marekani. Albamu yao ya kwanza ya pamoja, Ella and Louis, ilirekodiwa Hollywood tarehe 16 Agosti 1956, nyimbo 11 kwa siku moja. Mtayarishaji Norman Granz hakuwazungushia kundi kubwa: Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis gita, Ray Brown besi, Buddy Rich ngoma. Ella alikuwa na miaka 39, Louis 55.

Mwaka uleule wa 1956, Franco na wenzake walianzisha OK Jazz mjini Leopoldville, Kinshasa ya leo. Jina moja, muziki mbalimbali. Huku kwetu neno lilikuwa limetangulia: Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu 1932. Lakini mdundo uliotuteka baadaye ulitoka Cuba, ukaja na santuri za rumba zilizoitwa GV. Jina la Marekani, kiuno cha Cuba, maneno ya Kiswahili na Kilingala. Oktoba 1960 Armstrong mwenyewe alifika Leopoldville, akabebwa juu ya kiti kama mfalme.

Kuimba wawili hakukuwa kugeni kwetu. Nairobi, Daudi Kabaka na George Agade walitembeza sauti ya kwanza na ya pili sambamba, kama nyayo za ng'ombe wawili njia moja. Helule Helule ya Kabaka ilivuka bahari hadi Uingereza, kundi la The Tremeloes likaiimba 1968.

Ella na Louis, lakini, hawatembei sambamba. Wanapokezana. Mmoja anamaliza ubeti wake, mwenzake anauchukua na kuupeleka kwa mwendo wake mwenyewe. Wakikutana mwishoni, Ella anashika lahani huku Louis akinung'unika chini yake, akichomeka neno pale mwenzake anapovuta pumzi. Hakuna anayejaribu kufanana na mwingine. Mkwaruzo unaufanya usafi usikike zaidi. Ni makasia mawili ya mtumbwi mmoja: moja kulia, moja kushoto, na chombo kinakwenda mbele.

Ujanani nisingelisikia hilo. Tulitaka wimbo wa kuchezwa, na huu ni wa kukaa kitako.

Niliporudi kibandani kuomba zaidi, kijana alifungua kompyuta yake. Ella na Louis walikuwa ndani ya faili moja na Franco na Morogoro Jazz. Juu yake aliandika neno moja tu: Jazz. Nilitaka kumsahihisha. Nikamlipa, nikaondoka.