Ratiba ya Kuizunguka Italia na Asili Yake

Venezia, Firenze, Roma na Napoli ndiyo miji ambayo wageni wengi huiweka mbele wanapopanga kuizunguka Italia kwa mara ya kwanza. Mpangilio huo ulikomaa katika karne ya 17 na ya 18, wakati familia tajiri za Uingereza, na baadaye za Ujerumani na nchi nyingine, zilipowapeleka vijana wao Italia kukamilisha elimu. Padri Mwingereza Richard Lassels, aliyewahi kuwasindikiza vijana wa aina hiyo, aliandika kitabu cha kuwaongoza, nacho kikachapishwa Paris mwaka 1670 baada ya kifo chake. Humo ndimo safari hizo zilimopewa jina la Grand Tour, yaani Safari Kuu.

Kijana hakuondoka peke yake. Alifuatana na mwalimu wa kumfundisha na kuchunga mwenendo wake, pamoja na mtumishi. Kubeba fedha nyingi njiani kulikuwa hatari, hivyo alichukua barua ya benki ya London, na wenye benki wa miji ya Italia wakamlipa kwa barua hiyo. Kizuizi kikubwa kilikuwa milima ya Alpi. Kwenye kipito cha Mont Cenis magari ya farasi yalifunguliwa vipande vipande na kupakiwa juu ya nyumbu, na wasafiri wenyewe wakabebwa na wapagazi kwenye viti. Baada ya hapo usumbufu ulibadilika sura. Hadi mwaka 1861 Italia haikuwa nchi moja, bali dola kadhaa, kila moja na sarafu yake, forodha yake na maofisa wake wa kukagua hati. Tauni ilipovuma, asiye na cheti cha afya aliwekwa karantini.

Hata hivyo, kilichoamua ratiba zaidi ya yote kilikuwa kalenda. Msafiri makini alivuka Alpi kabla theluji haijafunga njia, akapita Torino na Firenze, akawa Roma wakati wa baridi. Aliteremka Napoli, kisha akarudi Roma kushuhudia ibada za Juma Kuu. Baada ya Pasaka alielekea Venezia kwa sikukuu ya Kupaa Bwana, siku ambayo mtawala wa Jamhuri ya Venezia alitoka na jahazi lililopambwa kwa dhahabu na kutupa pete majini ili kuufunganisha ndoa mji wake na bahari. Kukaa Roma wakati wa kiangazi kuliogopwa kweli. Watu waliamini kwamba hewa mbaya ya vinamasi vya jirani huleta homa. Homa hiyo ilikuwa malaria, na ni mwaka 1898 tu ambapo mtaalamu Mwitalia Giovanni Battista Grassi na wenzake walithibitisha kwamba mbu aina ya anofelesi ndiye anayeieneza kwa binadamu. Kwa hiyo mbu naye alishiriki kuipanga safari, bila wasafiri kujua.

Roma ilihitaji miezi. Wageni walikodi wenyeji wa kuwaeleza magofu, wakachorwa picha na mchoraji Pompeo Batoni, wakanunua michoro ya msanii Piranesi. Napoli ilipata uzito mpya pale uchimbaji ulipoanza Herculaneum mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748, miji iliyofukiwa na volkeno ya Vesuvio mwaka 79.

Lakini wageni hao pia walinunua sanamu na picha nyingi mno, na Italia ingeweza kubaki na kuta tupu. Aliyeona mbali kuliko wote ni Anna Maria Luisa, wa mwisho wa ukoo wa Medici. Katika mkataba wa mwaka 1737 aliikabidhi dola ya Toscana hazina ya sanaa ya familia yake, kwa sharti kwamba isiondolewe Firenze, ili iupambe mji, iwafae wananchi na kuwavuta wageni. Jumba la Uffizi likafunguliwa kwa umma mwaka 1769. Ni vigumu kupata hati nyingine iliyoutendea mji wowote wa Ulaya wema mkubwa kuliko huo. Dola ya Papa nayo ilitoa amri mwaka 1820 ya kudhibiti usafirishaji wa mali za kale.

Vita vya Napoleon vilikatiza safari hizo hadi mwaka 1815. Zilipoanza tena, msafiri hakuwa yuleyule. Familia za tabaka la kati zilijitokeza, zikiwa na vitabu vya mwongozo mkononi badala ya mwalimu. Mwandishi wa vitabu hivyo Mariana Starke alikuwa akiweka alama za mshangao kwenye kazi za sanaa kulingana na ubora wake, kabla wachapishaji Murray na Baedeker hawajatawala soko. Wakala wa safari Thomas Cook alipeleka kundi lake la kwanza Italia mwaka 1864. Mwaka 1871 reli ilipenya chini ya Alpi kwa handaki la Fréjus, na kuvuka milima kukawa kazi ya saa chache.

Siku hizi wingi wa wageni umeleta masharti mapya. Tangu Aprili 2024, kwa siku zilizotangazwa, mgeni anayeingia Venezia bila kulala hapo hutozwa ada, ambayo ilianzia euro 5.